MAVUMBI YA NYANDA KAVU: SOMO KWA MTU WA MGODI



Tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, hapa Katanga hatuoni mvua. Majani yanakauka, barabara za karieri zinageuka unga, na kila kamyo linalopita linaacha wingu nyuma yake. Mama anapangusa meza asubuhi, na saa sita meza ni nyekundu tena. Wengi wanasema: "Ni ukavu tu, mvua itakuja kuosha." Leo ukurasa wetu unauliza swali moja juu ya neno hilo. Je, ni ukavu unaoleta mavumbi, ama kuna jambo lingine?

Ili kupata jibu tutasafiri mbali, mpaka nyanda kavu za katikati ya Marekani. Huko watu walipata taabu kubwa ya mavumbi, na huko pia wanajiolojia, ndio wajuzi wa mawe na udongo, wamechimba miaka mingi wakitafuta jibu la swali hilohilo. Kazi yao ni jamaa ya kazi yetu sisi watu wa mgodi: wanatoboa ardhi, kiisha wanasoma kilichotoka.

Nchi yenyewe na onyo la mwaka 1878

Nyanda hizo zinaanza chini ya milima ya Rocky na kushuka polepole kuelekea mashariki. Kutoka kaskazini hadi kusini zinapita Dakota ya Kusini, Nebraska, Kansas, Colorado, Oklahoma na Texas. Ni nchi ya majani, miti ni michache. Lubumbashi tunapata mvua ya kama milimita 1,200 kwa mwaka. Huko, upande wa magharibi, wanapata milimita 300 hadi 500 tu, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Upepo haupumziki.

Mwaka 1878 mjiolojia mmoja, John Wesley Powell, aliandikia serikali yake habari za nchi hizo kavu. Alikuwa mtu wa mkono mmoja, wa pili aliupoteza vitani, lakini alitembea pahali ambapo wenye mikono miwili waliogopa. Alisema wazi: mahali ambapo mvua haifiki kama milimita 500 kwa mwaka, mkulima asitegemee mvua peke yake. Hawakumsikiliza. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 bei ya ngano ilipanda sana, na baada ya vita trakta zikaja kwa wingi. Majani yaliyoshika udongo kwa maelfu ya miaka yakapinduliwa kwa majira machache. Kiisha bei ya ngano ikaanguka, wengi wakaacha mashamba bila mbegu wala majani, udongo uko wazi kabisa. Ukavu mkubwa ukaanza mwaka 1931, ukaikuta nchi imevuliwa nguo.

Siku iliyokuwa usiku

Mwezi wa tano mwaka 1934 upepo ulibeba udongo wa nyanda hizo mpaka Chicago, New York na Washington, na mabaharia walioko katika bahari ya Atlantiki waliuona ukianguka juu ya meli zao. Lakini siku ambayo wazee wa kule waliikumbuka zaidi ni Jumapili, tarehe 14 ya mwezi wa nne, mwaka 1935. Asubuhi ilikuwa nzuri, watu walifungua madirisha. Baadaye ukuta mweusi ulionekana kaskazini, ndege wakiruka mbele yake kuukimbia. Ulipofika, mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Siku iliyofuata mwandishi mmoja wa magazeti aliiita nchi hiyo Bakuli la Mavumbi, na jina hilo halikutoka tena.

Fundi wa umeme atapenda kusikia jambo hili: mavumbi makavu yakisuguana hewani yanakusanya umeme. Magari yalizimika njiani kwa sababu hiyo. Madereva wakafunga minyororo nyuma, iburuzwe chini, ili umeme ushuke ardhini. Ni shauri lilelile la waya wa ardhi tunaoufunga kwenye masini zetu.

Na akina mama? Walitundika mashuka mabichi madirishani na milangoni. Walipanga sahani mezani kifudifudi, wasizigeuze mpaka chakula kipakuliwe. Watu walijipaka vazelini puani kabla ya kwenda nje. Pamoja na hayo yote mavumbi yaliingia, na ugonjwa ukaja ambao watu waliuita nimonia ya mavumbi. Watoto wachanga na wazee walianguka wa kwanza. Mwaka 1935 Msalaba Mwekundu ulifungua hospitali za dharura na kugawa maski. Si wachache waliozikwa.

Tukumbuke kwamba watu hao hawakuwa watu wa mgodi. Walikuwa wakulima, wanalala nyumbani kwao, wanapumua hewa ya uwanja wao.

Mchanga ambao haukuruka

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Kaskazini ya Bakuli la Mavumbi, ndani ya Nebraska, kuna nchi inayoitwa Sand Hills, maana yake vilima vya mchanga. Ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 50,000. Vilima vyake vingine vinapita mita 100 kwa urefu wa kwenda juu, na vyote ni mchanga mtupu uliokusanywa na upepo, sawa na ule wa jangwa. Juu yake kuna majani tu, zulia jembamba. Shika jembe, ondoa shubiri moja, na mchanga unakuja mkononi.

Mtu angefikiri nchi hii ndiyo ingeruka ya kwanza mwaka 1935. Haikuruka. Ukavu uliipiga na upepo ulivuma, lakini kwa sehemu kubwa vilima vilitulia. Kwa nini? Sheria ya mwaka 1904 ilikuwa imewagawia watu viwanja vikubwa huko ili walime. Walijaribu, mchanga ukawashinda, wengi wakauza na kuondoka. Waliobaki walikuwa wafugaji wa ng'ombe, na mfugaji anahitaji majani. Kwa hiyo majani yalibaki mahali pake. Udongo mzuri wa kusini, uliolimwa na kuachwa wazi, uliruka mpaka baharini. Mchanga mbovu wa Nebraska, uliofunikwa, ulikaa.

Ukavu ulikuwa mmoja, upepo ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kifuniko.

Wafugaji wa huko wanafahamu jambo hili kama vile sisi tunavyofahamu kuangalia paa la shimo kabla ya kuingia. Pakitokea kidonda kidogo katika majani, pengine njia ya ng'ombe inayopitwa kila siku, upepo unaingia hapo na kukila. Kidonda cha leo chenye ukubwa wa meza, kikiachwa, kinakuwa shimo la kumeza nyumba. Kwa hiyo wanakiziba mapema. Wengine wanamwaga majani makavu, wengine wanatupa humo mipira ya zamani ya magari ili kuvunja upepo. Si kazi ya kupendeza macho, lakini mchanga unatulia.

Chembe inayokumbuka jua

Wanajiolojia hawakuridhika na miaka ya 1930. Waliuliza: je, vilima hivi vilitulia siku zote? Zamani watu walifikiri vilijengwa na upepo wakati wa barafu kuu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na tangu hapo vimelala. Lakini watafiti walipochimba kati ya vilima walikuta udongo mweusi wa majani na mabwawa, na juu yake mchanga. Maana yake, mahali palipokuwa pabichi, penye majani, palizikwa na mchanga uliotembea. Lini?

Namna ya kujua tarehe inahusu jiwe ambalo kila mtu wa mgodi amelivunja, yaani kwarizi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Chembe ya kwarizi ikizikwa gizani, miali midogo inayotoka katika udongo wenyewe inaiingia kidogo kidogo, na nguvu yake inabaki imenaswa ndani. Kadiri chembe inavyokaa chini, ndivyo nguvu inavyozidi. Lakini ikitoka juani, mwanga unaifuta nguvu hiyo upesi, na saa inaanza upya. Kwa hiyo mjiolojia anapiga bomba la chuma ndani ya ukuta wa kilima, analiziba ncha zote mbili, na analifungua katika chumba cheusi chenye taa hafifu, kama mpiga picha wa zamani. Anaimulika chembe kwa mwanga maalum, nayo inatoa mwanga wake mdogo. Mwanga huo ukipimwa, na miali ya udongo ikipimwa pia, anajua ni miaka mingapi tangu chembe hiyo ilipoona jua mara ya mwisho.

Jibu liliwashangaza wengi. Vilima vya Nebraska vilitembea kama miaka 700 hadi 1,000 iliyopita tu. Mwaka 2006 wajuzi wa Nebraska, David Loope akiwa mmoja wao, walionyesha jambo jingine kutokana na namna vilima vya zamani vilivyolala: wakati ule pepo za masika na kiangazi hazikutoka kusini, ambako leo zinaleta unyevu wa bahari, bali kusini-magharibi, ambako ni kukavu. Waliohesabu duara za ndani ya miti ya zamani walifika pahali palepale: katika miaka hiyo kulikuwa na ukavu wa miaka mingi kupita ule wa 1930. Ulidumu mpaka majani yenyewe yakafa, na kifuniko kikaondoka bila trakta hata moja.

Tusikie vizuri. Kifuniko kinaokoa, lakini kila kifuniko kina kipimo chake. Kilichovumilia ukavu wa miaka kumi hakikuvumilia ule mrefu zaidi. Mtu wa usalama anayesema "tangu zamani hapa hapajatokea kitu" anazungumza kama mtu aliyeona Nebraska mwaka 1935 akafikiri vilima havitembei.

Mavumbi yanaongeza ukavu

Jambo lingine ni fupi lakini ni zito. Wapimaji wa hali ya hewa wamejua kwamba ukavu wa miaka ya 1930 ulianza kwa sababu ya bahari: maji ya Pasifiki yalipoa kidogo, ya Atlantiki yakapata joto kidogo, mvua ikapotea njia. Lakini walipoiga hali hiyo kwa masini za hesabu, ukavu waliopata haukufanana vizuri na ule uliotokea kweli. Mwaka 2009 Benjamin Cook na wenzake waliweka mavumbi pia katika hesabu. Ndipo ukavu ukawa mkali zaidi na ukasogea kaskazini, karibu na ule wa kweli. Mavumbi yalizuia mwanga wa jua, ardhi ikapoa, hewa haikupanda kama inavyopaswa, mvua ikapungua tena. Watu walifungua udongo, udongo ukafunga mvua.

Serikali ya Marekani iliunda idara ya kulinda udongo mwaka 1935, chini ya Hugh Bennett. Wakulima walifundishwa kulima kufuata mgongo wa ardhi, kuacha mabua shambani, kurudisha majani. Miti zaidi ya milioni 200 ilipandwa kwa mistari kuvunja upepo mpaka mwaka 1942. Baadaye walikimbilia maji ya chini. Chini ya nyanda hizo kuna tabaka la mchanga na changarawe linaloitwa Ogallala, limejaa maji ya zamani, kwa upana wa kama kilomita za mraba 450,000. Huku kwetu pompi za mgodi zinapigana na maji usiku na mchana ili yatoke; kule pompi zinayabembeleza yapande. Maji hayo yamepungua. Kwa wastani yameshuka kama mita 5 tangu kazi ya pompi ianze, na mahali pengine Texas yameshuka zaidi ya mita 60. Mvua ya kule haiwezi kuyarudisha upesi.

Chembe ileile katika pafu lako

Sasa turudi nyumbani, ndugu, na chembe yetu ya kwarizi mkononi.

Chembe ya kilima cha mchanga ina upana wa kama sehemu moja ya tano ya milimita. Unaiona, unaisikia kati ya meno. Ikiingia puani unapiga chafya, inatoka. Hiyo haifiki ndani ya pafu. Chembe inayoua ni ile iliyovunjwa na masini mpaka imekuwa ndogo kuliko sehemu moja ya mia mbili ya milimita, yaani chini ya mikroni 5. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuipita mara kumi na zaidi. Huioni, wala huisikii. Inaelea hewani saa nyingi baada ya lile wingu kubwa kuanguka, wakati ambapo wewe unasema "mavumbi yamekwisha" na kuvua maski.

Chembe hiyo inafika mwisho wa pafu, ndani ya vifuko vidogo vya hewa. Askari wa mwili wanaimeza ili waiharibu, lakini kwarizi haiharibiki, na askari wanakufa wakiwa nayo. Mahali pale panakuwa kovu gumu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa kama ngozi kavu isiyovutika. Ndiyo silikosi. Hakuna dawa ya kuondoa makovu hayo. Mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na tangu mwaka 1997 wajuzi wa saratani wa dunia wameiandika silika hiyo katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa mtu. Mfanyakazi wa Kolwezi anafahamu jiwe tunaloliita RSC. Hiyo S ni silika.

Na kifuniko chetu sisi ni nini? Chini ya shimo hatuwezi kupanda majani. Kifuniko chetu ni maji. Mwishoni mwa karne ya 19 masini za kutoboa kavu zilikuwa zimeingia migodini, nazo zilijaza mavumbi mpaka wachimbaji wa Marekani wakazipa jina la "mtengeneza wajane". Kule Denver, katika Colorado, kando ya nyanda zilezile tulizozitembelea, J. George Leyner akaunda masini yenye chuma cha kutobolea chenye tundu ndani, maji yanapita humo mpaka kwenye ncha, na unga wa jiwe unatoka tope badala ya moshi. Masini unayoshika leo katika posti yako ni mjukuu wa ile.

Kwa hiyo, anayefunga robine ya maji ili "kazi iende upesi" au ili asilowe nguo, amepindua majani ya Nebraska kwa mkono wake. Tena hakupindua shamba lake peke yake: msaidizi aliye nyuma yake, na mpakiaji atakayekuja posti inayofuata, watapumua unga wake. Maji yasipofika, simamisha masini na mwite shefu. Baada ya kulipua mine, ngoja hewa ibadilishwe kwa muda uliopangwa, kiisha lowesha lundo la mawe kabla ya kupakia, na wakati wa kupakia lilowe tena, sababu maji yamelowesha juu tu. Penye mkanda wa kusafirisha mawe, ukiona kifuniko kimepasuka kidogo, toa habari siku ile ile. Mfugaji wa Sand Hills hangoji kidonda kiwe shimo.

Maski inakuja baada ya maji, si badala ya maji. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia mchanga, hakizuii chembe ndogo. Maski ya kweli ina filtri, inakaa usoni bila nafasi, na ndevu nyingi zinaifungulia mlango. Filtri ikiwa nzito kuvutia pumzi, ibadilishwe.

Usipulize nguo zako kwa hewa ya kompresa: unarudisha hewani kile kilichokwisha kutulia, na pua yako iko karibu. Vua nguo za kazi palepale kazini. Nanyi akina mama, zikifika nyumbani msizikung'ute. Zitieni ndani ya maji kwanza, mbali na mtoto. Kufagia uwanja wakati wa ukavu, nyunyizeni maji mbele ya ufagio, na palipo na majani mbele ya nyumba, hata kama mnaogopa nyoka, yafupisheni tu, msiyang'oe yote mpaka udongo mwekundu.

Siku ya kupigwa picha ya kifua, nenda, hata kama hukohoi. Mweleze mganga kazi zote ulizofanya, hata za miaka ya nyuma na za kampuni nyingine, maana silikosi inaweza kuonekana miaka mingi baada ya mtu kuacha kutoboa.